Ufito, Ndara na Spana ya Pedeli

Ijumaa iliyopita ilitimia arobaini ya mama. Hitima ilisomwa, watu wakala, wakaaga, na baada ya alasiri mimi na dada yangu Salma tukaingia chumbani kwake kupanga vitu. Nguo za kutoa sadaka tuliziweka upande mmoja wa kitanda, vitu vya kubaki upande wa pili. Chini kabisa ya kabati, nyuma ya seti ya vikombe ambayo hakuwahi kuitumia hata siku moja, nilivuta kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha shati kuukuu. Nilikijua kabla sijakifungua, kwa harufu. Kabati zima lilinukia udi, kifurushi kilinuka tyubu ya baiskeli.

Ndani mlikuwa na ndara moja ya buluu, ya mguu wa kushoto, iliyokatwa mfereji katikati. Vipande vinne vya tyubu, vimekauka mpaka vimepasuka. Na spana nene ya pedeli, imezungushiwa kitambaa kama mtoto mchanga. Ufito haukuwamo, sijui uliishia wapi, labda jikoni. Video yenyewe ilipotea zamani pamoja na simu ya mjomba. Kilichobaki ni kile kilichoishika.

Salma aliigeuza ile ndara mikononi. "Ndiyo ile?"

"Ndiyo hiyo."

Akaiweka upande wa vitu vya kubaki, tukaendelea kukunja nguo. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiliwaza lile juma la harusi ya Salma, na nimeona niliandike kama lilivyokuwa. Shule yangu haikufika mbali, kwa hiyo nitaeleza tu, moja baada ya jingine.

Nilikuwa na miaka kumi. Walio rika langu watakumbuka simu za kugusa zilivyokuwa chache mtaani wakati ule, hata mtoto alikuwa akiambiwa anawe mikono kwanza ndipo apewe aangalie. Tulikaa Malindi, nyumba ya vyumba viwili, na mbele yake kilikuwa kibanda cha baba. Baba alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa amefariki hata miezi miwili haijatimia.

Mama alikuwa amekaa eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa jambo la dharura. Mimi nilikuwa nikizihesabu zile siku kwa mbegu za ukwaju: kila jioni mbegu moja ndani ya kopo la maziwa. Na harusi ya Salma ilikuwa imepangwa zamani, baba akiwa mzima. Watu walikuja kumuuliza mama kama isogezwe mbele. Mama akasema, "Tarehe aliiweka marehemu mwenyewe. Mimi siigusi." Ikakubaliwa iwe harusi ya kimya, nikaha na pilau, hakuna ngoma wala vigelegele vya barabarani. Bwana harusi alikuwa mtu wa Kibarani, Kilifi, na baada ya adhuhuri Salma angepelekwa kwake kwa gari.

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Mama yeye aliolewa akaletwa Malindi bila mtu wake hata mmoja ndani ya gari. Kaka yake, Mjomba Athmani, alihamia huku baadaye sana. Maisha yangu yote nilimsikia mama akisema, "Mimi nililetwa na watu nisiowajua, njia nzima natazama vidole vyangu. Salma nitampeleka mwenyewe, nimekaa ubavuni." Alikuwa akilisema hata akichambua mchele. Sasa siku imekaribia, na yeye hawezi kuvuka kizingiti.

Jioni moja nilimsikia akimwambia Salma, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nitakuona mpaka mlangoni. Hapo panatosha."

Mimi, niliyekuwa nimekaa sakafuni nakula, nikasema, "Mama, utamwona njia nzima. Mjomba ana simu ya video. Nitakuletea."

Mama akanitazama. Nilitegemea aseme nyamaza. Akasema, "Njia nzima?"

"Njia nzima. Mpaka Kibarani."

"Haya," akasema. "Nitangoja."

Hilo neno la nitangoja ndilo lililonikamata. Nilikuwa sijawahi kumwahidi mtu mzima kitu akakingojea.

Mjomba Athmani alikuwa dereva wa teksi na ndiye aliyekuwa ampeleke Salma. Gari lake lilikuwa jeupe, kuukuu, viti vimevikwa nailoni ambayo hakuwahi kuitoa tangu alinunue, na alilisafisha kwa mswaki. Binti yake Rukia alikuwa na miaka kumi na mitatu na alijua kila kitu, au ndivyo alivyosema. Tulianza kwa njia rahisi: Rukia ashike simu, Salma akae kiti cha nyuma, gari limeegeshwa mlangoni kwetu. Salma alipoiona tu simu imeelekezwa kwake akavuta buibui akafunika uso.

"Dada, fungua uso."

"Siwezi. Mtu akinitazama na simu nasikia kama nimevuliwa nguo."

Bi Zuhura, aliyekuwa somo wake Salma, yule mama wa kumfunda na kumpeleka bibi harusi, alikuwa amesimama pale pale. Akasema hapana mtu atakayeshika simu ndani ya gari lile siku ile. "Bibi harusi ana haya zake. Mnamfanya samaki wa mnadani?"

"Na kama simu haikushikwa na mtu?" nikauliza.

Bi Zuhura akanitazama kama aliyeulizwa na kuku. "Ikashikwa na nani, jini?"

"Ikajishika."

"Ikiweza kujishika, mimi sina neno nayo."

Basi kazi ikawa hiyo. Kuifanya simu ijishike.

Siku ya kwanza Rukia alipendekeza marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, kwa kuwa kinakunjuka na kina mdomo wa kushika. Tulikifikisha mpaka mlangoni, tukatazamana, tukakirudisha mbio. Halafu tukaegemeza simu juu ya dashibodi kwa matofali mawili madogo yaliyofungwa kitambaa. Mjomba alipowasha gari, tofali moja likamwangukia gotini.

"Sikilizeni, enyi wahandisi," akasema, akilisugua goti. "Msumari mmoja ukigusa gari hili, gundi tone moja, bibi harusi atakwenda Kilifi kwa miguu, na nyinyi mtamshika mtandio."

Tulipojaribu tena bila matofali, jua la saa sita likaipiga ile simu pale kwenye dashibodi mpaka ikachemka, ikaandika maneno mekundu, ikajizima. Mjomba aliibeba kwa ncha za vidole kama mhogo wa kuchoma. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimelijua jambo ambalo jana yake sikulijua: kwamba simu haikai mbele, inakaa kivulini. Niliingia kiti cha nyuma nikakaa pale ambapo Salma angekaa, katikati, nikatazama mbele yangu. Na nikaviona. Viegemeo viwili vya vichwa, vya kiti cha dereva na cha abiria, na kila kimoja kimesimama juu ya vyuma viwili vyembamba. Vyuma vinne vimejipanga, vinangoja kufungwa kitu.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na fito za mkoko zilizobaki paa la jikoni lilipotengenezwa. Nilichagua mmoja ulionyooka. Ukilaza ufito toka kiegemeo hiki hadi kile, unapita katikati, sawasawa na uso wa aliyekaa nyuma. Kilibaki cha kufungia na cha kushikia simu, na kwa hayo mawili nilijua pa kwenda.

Sanduku la baba lilikuwa kwenye kibanda, limefungwa kufuli tangu siku aliyofariki. Ufunguo ulikuwa kwa mama, kwenye pindo la leso. Nilimwomba. Alilifungua pindo kwa muda mrefu, kama fundo lilikuwa gumu, nami nilijua halikuwa gumu.

"Chukua unachotaka," akasema. "Ukimaliza ufunge."

Nilipoinua kifuniko, harufu ilinipanda puani, mpira na gundi na mafuta mazito ya cheni, ikawa kama baba ameingia. Nilisubiri nilie. Sikulia. Nilitazama ndani nikaona tyubu nzee, rundo zima, na moyo ukaanza kunidunda kwa furaha. Nasema kweli, juma lile sikumlilia baba hata mara moja. Nilikuwa na kazi. Kwa miaka mingi nililionea haya jambo hilo.

Nilikata tyubu vipande virefu kwa mkasi wake, kama alivyokuwa akikata yeye kufungia mizigo ya watu. Ndara nilipata jaani, ya kushoto, soli nene. Nikaichonga mfereji kwa kisu, mwembamba kidogo kuliko simu, ili simu iingie kwa kusukumwa na isichomoke. Sponji ile iliishika simu kama ufizi unavyoshika jino. Ndara tukaifunga juu ya ufito, ufito tukaufunga kwenye vyuma, na gari halikuguswa na msumari wala gundi. Mjomba alizunguka pande zote nne akitafuta kosa. Alipolikosa akasema, "Na wateja wangu wakinipigia?"

"Utazima mtandao, baba," Rukia akasema.

"Na nafasi ya video ya saa nzima iko wapi humo?"

Mjomba akakaa kwenye ngazi yetu, akabonyeza simu kwa muda, akainuka. "Nimefuta taarabu zangu zote," akasema. "Salma asije akazaa mtoto akasahau kumwita Athmani."

Kesho yake alikuwa na mteja wa kumchukua Gede, akatuchukua kwa majaribio. Rukia akawa bibi harusi, leso kichwani, akilia kwa sauti ya kujitungia njia nzima.

"Ukilia hivyo siku yako," baba yake akamwambia, "mume atageuza gari."

Tulipofika tukatazama. Nilitamani kuitupa simu porini. Gari linatetemeka, ufito unatetemeka zaidi, na uso wa Rukia ulirukaruka kama mchele kwenye uteo. Huwezi kujua ni Rukia au ni mimi. Mama angetazama nini? Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Nilirudi nikakaa kibandani kwa baba, mlango wazi. Mchuuzi wa maji alipita barabarani na baiskeli yake, anakwenda kujaza, madumu matupu yanagongana, baiskeli inaruka kila jiwe. Baada ya muda akarudi na madumu yamejaa. Njia ile ile, mawe yale yale, na baiskeli imetulia kama iko juu ya mkeka. Nikaisikia sauti ya baba, si kwa uchawi, nilikuwa nimeisikia mara mia akiwaambia wateja: baiskeli tupu ndiyo inayokurusha, ipakie ikae.

Nilifungua sanduku mara ya pili nikatoa kitu kizito kuliko vyote, spana ya pedeli. Nikaizungushia kitambaa cha shati lake la kazi isigongegonge, nikaining'iniza chini ya ndara kwa kipande cha tyubu. Mjomba hakutaka kutupeleka tena mbali, akatuzungusha mara moja tu mpaka sokoni na kurudi, palipo na matuta mengi. Tulipotazama, Rukia alikuwa amekaa ndani ya simu ametulia, kila unyusi mahali pake, huku nje ya dirisha mji mzima unarukaruka. Rukia alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nilipiga mbio ndani nikamwambia mama, "Imejishika, mama. Imejishika." Akasema, "Alhamdulillahi," akaendelea kuchambua mchele, lakini niliona anachambua mahali pamoja tu.

Sasa nieleze habari ya kioo.

Kabati la mama lilikuwa na kioo kirefu mlangoni, kikitazamana na kitanda. Tangu eda ilipoanza kilikuwa kimefunikwa leso. Nilimuuliza Rukia kwa nini. Alifikiri kidogo, na mimi nilidhani anakumbuka, kumbe alikuwa anatunga. "Mjane akiona kioo," akasema, "hesabu yake inafutwa. Anaanza upya siku ya kwanza." Niliamini. Kulikuwa na mbegu karibu sitini kwenye kopo langu, nami kila nilipoingia chumba kile nilihakikisha leso haijatelezeka. Niliondoa hata kijiko kimoja kilichokuwa kinang'aa sana.

Siku ya harusi Salma alitoka chumbani kwa mama saa nane mchana. Walikaa humo wawili, sijui walisema nini. Mama alisimama ndani ya mlango, vidole vya miguu kwenye kizingiti, asivuke. Kabla sijaingia garini akaniita. "Tima. Njia nzima."

"Njia nzima, mama."

Mjomba kwenye usukani, Rukia mbele kushoto. Nyuma, Bi Zuhura kulia, Salma katikati, mimi kushoto. Nilisukuma simu ndani ya ndara, nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka. Bi Zuhura aliitazama spana inavyoning'inia akasema, "Na hiyo ni talasimu?" Tukaondoka.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile ya kutoka Malindi mpaka Matsangoni. Kila tuta lililopita nilitazama simu, na simu imetulia. Tukapita Gede, tukaingia penye msitu, kivuli na jua vikipishana usoni kwa Salma, nami nikawaza, haya yote mama atayaona, hata hiki kivuli. Salma mwanzoni alikaa kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Baadaye akaisahau simu, kama nilivyotaka. Alipoisahau ndipo alipoanza kulia, kimya, uso wazi, na wanja ukashuka.

Tulikuwa tunakaribia Tezo. Bi Zuhura akafungua mkoba. "Hatufiki kwa watu na uso huu," akasema. Akatoa kitambaa, akatoa wanja, kisha akatoa kioo cha mkono, kikubwa kama sahani, akakiinua mbele ya Salma, akakigeuza huku na huku kutafuta mwanga. Kikageukia simu.

Mbegu karibu sitini. Niliziona zote zikimwagika. Sikuwaza jingine. Nilijirusha nikaishika ile ndara kwa mikono miwili nikaivuta chini kwa nguvu zangu zote, ufito ukalia, tyubu ikateleza, na spana ikamgonga Bi Zuhura goti.

"We mtoto, una wazimu?"

"Kioo," nikasema. "Kioo, Bi Zuhura, mama asikione."

Hakunielewa, na hapakuwa na nafasi ya kueleza. Akamfuta Salma, akampaka, akarudisha kioo mkobani. Simu ilikuwa bado inawaka taa nyekundu, lakini imeinama, inatazama mapajani. Nilitaka kuiinua. Lakini Salma alikuwa amenishika mkono wa kulia. Aliushika kwa nguvu, vidole vyake vyenye hina katikati ya vyangu vyeusi vya mafuta ya cheni, na hakuuachia mpaka Kibarani. Watu nilipowasimulia baadaye niliwaambia ndiyo sababu sikuweza kuiinua. Si kweli. Mkono wa kushoto ulikuwa mtupu. Sikuutumia kwa sababu nilijua nikijitikisa ataniachia.

Kibarani walitupokea vizuri. Sikula. Bi Zuhura alibaki kule na bibi harusi, na wakati wa kurudi nilikaa peke yangu kiti cha nyuma alipokuwa amekaa Salma, Rukia akawa ananieleza toka kiti cha mbele kwamba labda kioo kimeonekana kidogo tu na labda kidogo haihesabiwi.

Mjomba alimwachia mama simu. "Mpaka kesho asubuhi," akasema, "na mteja akipiga mwambie nimekwenda Makka." Nikaingia na simu na ndara na vyote. Mama alikuwa amekaa kitandani. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayengoja wageni. Alitaka kuishika simu mkononi, lakini mkono wake ulikuwa unatetemeka, picha ikarukaruka, nasi wote wawili tukaona ni upuuzi baada ya kazi yote ile. Nikafunga ndara kwenye kitasa cha kabati kwa tyubu, juu ya leso iliyofunika kioo, spana ikaning'inia chini, nikasukuma simu ndani.

Mama alitazama kutoka Malindi mpaka Tezo. Penye msitu aliinama mbele. Salma alipoanza kulia alinyoosha kidole karibu na kioo cha simu, hakukigusa. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nangoja. Mkono wa Bi Zuhura ukaingia na kitambaa. Nikasema, "Mama, fumba macho."

"Kwa nini?"

Nikaiziba simu kwa kiganja. Nikamwambia yote, kwa mara moja, Rukia na kioo na mbegu za ukwaju na kopo, na kwamba kama ameona hata ukingo wake basi ni mimi niliyemrudisha siku ya kwanza, na kwamba baada ya hapo uso wa Salma haumo tena, nimeuharibu, hakuna njia nzima.

Mama alingoja nimalize. "Nani kasema kioo kinafuta hesabu?"

"Rukia."

"Rukia," akasema, kama anayetaja ugonjwa wa kuku. Kisha akaitazama ile leso kwenye kabati. "Ile leso niliiweka mimi, mwanangu. Kioo kinatazama kitanda. Nikiamka alfajiri namwona mtu mmoja tu kitandani."

Nikaondoa kiganja. Kwenye simu kilikuwa kimekwisha kupita kile kioo, na kelele ya Bi Zuhura imepita. Ilibaki mikono miwili tu mapajani, wa hina na wa mafuta, na sauti ya gari. Nilikuwa nimesahau kwamba simu inachukua na sauti. Nilipokuwa garini niliwaza simu tu. Sasa ikasikika sauti ya Salma, ya chini, inaniambia mimi.

"Tima, dawa ya presha ya mama iko nyuma ya kopo la sukari. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Atasema amekunywa. Usimwamini, hesabu."

Na sauti yangu, ndogo kuliko nilivyodhani: "Ndiyo."

"Chumvi usimtilie. Na usiku usimwache alale peke yake. Nenda kwake. Usingoje akwambie, hatakwambia."

"Ndiyo."

Hapakuwa na maneno mengine. Mikono tu, mpaka gari likasimama, na ule wa hina ukafunguka.

Mama akasema turudie. Si tangu Malindi. Tangu mikono. Tulirudia, na mara ya tatu akasogea ukutani, akapiga kitanda kwa kiganja pale palipoachwa wazi, nami nikapanda. Simu ilimaliza chaji karibu na magharibi, mikono ikiwa bado imeshikana. Upepo ulikuwa umeanza kuingia dirishani.

"Unasikia baridi," mama akasema. Sikuwa nasikia baridi. "Toa ile leso ujifunike."

Nikashuka, nikaifungua ndara kwenye kitasa, nikaivuta ile leso toka kwenye kioo, nikarudi kitandani kwake nikajifunika. Mama akatutazama sote wawili kiooni, akaninyoosha kola ya gauni.